Yai Moja Kwenye Tenga

Kule Mgori watu walikuwa na tahadhari moja: kabla hujasema jambo usilotaka lifike mbali, tazama kwanza Rebeka yuko wapi.

Mtoto mwenyewe hakufika hata kiunoni mwa bibi yake, lakini maneno yake yalifika kila nyumba. Alisema alichokiona, alisema alichokisikia, na mara nyingi alimwambia yuleyule aliyesemwa. Siku katekista Urbano alipopita kuwajulia hali, Rebeka alimletea kigoda, akamwamkia vizuri kama alivyofundishwa, kisha akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Bibi anasema wewe ukianza kuhubiri, mtu anaweza kwenda kwake, akainjika makande, yakaiva, akala, akarudi akakukuta bado unaendelea."

Katekista alicheka mpaka akavua miwani. Agripina, ambaye ndiye bibi mwenyewe, alijifunika uso kwa kanga akatamani ardhi ipasuke. Jumapili iliyofuata mahubiri yakawa mafupi, na akina mama wawili watatu wakampa Rebeka karanga bila kueleza ni za nini.

Siku nyingine alikuja jirani yao Martha, ambaye wote walimwita mama Frank, kuazima ungo. Martha alikuwa hodari wa kuazima na hodari zaidi wa kusahau. Agripina alimwona tangu mbali, akajibanza nyuma ya mlango.

"Bibi yako yupo?"

"Bibi kasema mama Frank akija nimwambie hayupo."

"Haya. Na yeye yuko wapi?"

"Nyuma ya mlango."

Martha akapaza sauti. "Mama Joyce! Toka huko, utang'atwa na buibui bure."

Walicheka siku hiyo mpaka machozi, na Martha akaondoka na ungo.

Aibu hizo ndogondogo hazikumuudhi Agripina. Ndani yake alizifurahia. Alikuwa ameishi vya kutosha kujua kwamba mtu mzima ana vyumba ndani mwake, na vingine amevifunga, na ufunguo kauficha mwenyewe. Rebeka alikuwa nyumba isiyo na mlango. Ukisimama mbele yake unaona mpaka uani.

Na Agripina alihitaji sana mtu wa namna hiyo. Mumewe Emilian alifariki zamani, akamwachia shamba la alizeti, shamba la mtama, nyumba ya bati, na binti mmoja, Joyce. Joyce alikwenda Singida Mjini kufanya kazi saluni, akarudi na mtoto mgongoni. Alikaa mpaka mtoto akajua kukaa mwenyewe, kisha asubuhi moja akamwacha mkekani. "Mama, acha nikae sawa kwanza, nitamfuata." Kukaa sawa kukachukua miaka, na miaka hiyo ikawa ya Agripina. Alimnywesha uji wa uwele na maziwa ya mbuzi. Alimbeba kwenda shambani kwa kanga moja ya zamani, na kanga ilipochanika, kipande chake kikawa kitambaa cha Rebeka. Alikinyonya pembe, alikinusa, alikikumbatia. Kilikuwa na harufu ya moshi na ya mgongo wa bibi, na bila hicho hakuna aliyewahi kumlaza.

"Mke mwenzangu huyu," Agripina alipenda kuwaambia watu, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu. "Emilian aliniachia ili tumlilie wawili."

Hofu yake ilikuwa moja tu, na hakumwambia mtu. Ile "nitamfuata" ya Joyce haikuwahi kufutwa. Kila Joyce alipokuja kusalimia, Agripina alisubiri mgeni aondoke, kisha akamwita mtoto jikoni.

"Mama yako alikuwa anasemaje kule nje?"

Na Rebeka alimimina yote. Mama kasema bati linavuja. Mama kasema bibi amekonda. Mama kauliza kama bado nakojoa kitandani, nikasema juzi tu. Agripina alilala usingizi mzuri siku hizo. Hakuhitaji mlinzi mwingine.

*

Walikuwa na kuku jike wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, na jina lake likawa hilohilo, Kishingo. Alitagia kwenye tenga bovu nyuma ya kihenge cha mtama. Rebeka alipokuwa na miaka mitatu hivi, waliyatoa mayai pamoja, wakayapeleka jikoni, wakayaweka kwenye chungu.

"Haya, mke mwenzangu," Agripina akasema. "Kishingo akirudi, atakwenda wapi kuangalia mayai yake?"

"Jikoni."

"Jikoni! Kwani alituona tukiyahamisha?"

"Hakutuona."

"Sasa atajuaje?"

Rebeka alimtazama bibi yake kwa huruma, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Si yako jikoni?"

Kishingo akarudi, akaenda moja kwa moja kwenye tenga. Aliingiza ile shingo yake tupu, akaitoa, akaingiza tena. Rebeka akapandwa na hasira. "Mjinga wewe! Yako jikoni!" Akamkamata kwa mabawa akampeleka mwenyewe kumwonyesha.

Agripina aliisimulia habari hiyo kisimani, kanisani, na kwenye mashine ya kusaga. Kwa Rebeka, alichokijua yeye dunia nzima ilikijua, mpaka kuku. Hata kujificha hakujua. Alijifunika macho kwa kitambaa chake katikati ya uwanja, akaamini ametoweka, na Agripina akazunguka akiita, "Jamani, Rebeka wangu kaliwa na fisi?" mpaka sauti itoke chini ya kitambaa, "Niko hapa, bibi! Usilie!"

Akakua. Siku moja, karibu anatimiza miaka mitano, walihamisha mayai tena, na Agripina akauliza swali lilelile kwa mazoea tu, akingoja kucheka.

"Ataenda kwenye tenga," Rebeka akasema.

"Eti?"

"Anajua yako kule."

"Hajui. Anadhani tu."

"Anajua," mtoto akashikilia.

Agripina hakubishana. Yeye mwenyewe ndivyo alivyoongea, na kila mtu aliyemzunguka mtoto. Nilijua mvua itanyesha, kumbe upepo. Nilijua umeshakula. Kwa watu wa huku neno ni hilo moja, linambeba anayejua na linambeba aliyepotea, na msikilizaji ndiye atajaza.

Siku hiyohiyo akamfundisha kazi ya mayai. "Tunayachukua, lakini moja tunabakiza. Usimalize yote."

"Kwa nini?"

"Ukimaliza, atahama. Atakwenda kutagia porini au kwa mama Frank. Akikuta moja, anajua mayai yake yapo, basi anarudi."

"Hahesabu?"

"Kuku hahesabu. Moja linamtosha."

Rebeka alichutama mbele ya tenga muda mrefu, kitambaa begani, akiyatazama. Tangu siku hiyo kazi ya kuchagua yai la kubakiza ikawa yake. Alichagua lililo safi kuliko yote, lisilo na uchafu hata kidogo.

"Kwa nini hilo zuri?" Agripina alimuuliza.

"Ili Kishingo asijisikie vibaya."

Baada ya hapo hata kujificha kukabadilika. Siku moja Rebeka aliingia ndani ya kihenge kilichokuwa kitupu, akanyamaza. Agripina alimwita kwa mchezo, kisha akamwita kwa kweli, kisha akakimbia mpaka njia ya msituni. Aliporudi anatweta, akasikia kicheko kidogo ndani ya fito. Wala hakumchapa. Alimtoa, akamnyanyua juu, akampeleka kwa Martha kumtangaza.

"Mama Frank, hebu muone huyu! Leo kajificha kweli! Nimetafuta mpaka jasho. Ana akili huyu, we acha tu."

"Hongera, bibi," Martha akamwambia Rebeka. "Sasa umekuwa mtu."

Rebeka alicheka, akamtazama Agripina usoni kuona kama na yeye amefurahi. Agripina alikuwa amefurahi sana.

*

Mwaka huo Joyce akaanza kuja mara kwa mara. Alikuja na mikate, na viatu vya mtoto, na mara moja alikuja na mwanaume mpole aitwaye Clement, fundi wa umeme, aliyemwamkia Agripina huku ameinama vizuri, akatengeneza taa ya sebuleni bila kuombwa. Walipokaa uwanjani, Joyce alimwita Rebeka pembeni, wakakaa wawili juu ya jabali kubwa lililo nyuma ya nyumba, vichwa pamoja.

Jioni Agripina alimwita mtoto jikoni. Alikuwa anasonga ugali, mgongo umegeuka.

"Mlikuwa mnaongea nini na mama yako kule jabalini?"

"Alikuwa ananifundisha wimbo."

"Wimbo gani?"

Rebeka akauimba. Ulikuwa wimbo wa kuhesabu vidole, wote, mwanzo hadi mwisho, na mikono akaichezesha. Agripina alicheka, akamkatia ukoko wa ugali, akachovya kwenye mlenda, akamlisha. Akaenda kulala na usingizi wake mzuri.

Martha ndiye aliyelianzisha, siku wanapepeta mtama.

"Mama Joyce, binti yako anakuja sana siku hizi."

"Si kwao?"

"Kwao ndiyo. Ila miaka yote kwao palikuwa hapahapa, mbona hakuja? Na yule bwana pia. Mwanaume hatengenezi taa ya mkwe bure."

"Wewe unapenda sana kuona nyoka kwenye kila kamba."

"Umemuuliza Joyce?"

"Nimemuuliza Rebeka."

Martha akauweka ungo chini. Ulikuwa ungo wa Agripina. "Mtoto?"

"Mtoto, ndiyo. Unamjua mwenyewe. Kungekuwa na jambo, wewe ungekuwa umelisikia kabla yangu."

"Watoto wanakua, mama Joyce," Martha akasema, na akaendelea kupepeta.

*

Mwezi wa kumi na mbili mvua za kwanza zikanyesha. Rebeka alikuwa aanze darasa la awali shule ya kijiji mwezi wa kwanza, na fundi Damiani alishamshonea sketi ya bluu yenye marinda. Ilining'inia msumarini chumbani. Kila asubuhi mtoto aliigusa.

Karibu na Krismasi Joyce akaja kwa bodaboda, akakaa kitako cha nusu saa, hata chai hakuimaliza.

"Mama, naomba nimpeleke Rebeka akale sikukuu mjini. Aone taa. Shule zikikaribia kufunguliwa namrudisha."

Agripina akainuka. Alijifanya anatafuta chumvi, akamwita mtoto kwa kichwa, wakasimama nyuma ya kihenge, tenga liko miguuni mwao. Safari hii hakuzunguka.

"Niambie kweli, mke mwenzangu. Mama yako anakuchukua moja kwa moja?"

Rebeka alimtazama machoni. Hakupepesa.

"Hapana, bibi. Nakwenda kula Krismasi."

"Halafu?"

"Halafu narudi. Usimruhusu mama Frank kuchukua mayai ya Kishingo. Na kubakiza, ubakize lile safi."

Agripina akapumua. Akamfunga kamba za viatu, akampaka mafuta usoni mpaka akang'aa, akampakia kwenye bodaboda mbele ya mama yake. Mtoto alipunga mkono mpaka kwenye mkorosho wa kona, na baada ya hapo ulionekana mkono tu.

Aliporudi ndani kukunja matandiko, alikikuta kitambaa. Kilikuwa juu ya mto, kimekunjwa vizuri pembe kwa pembe, upande uliochafuka umefichwa ndani. Agripina alikaa kitandani akakiweka mapajani. Mwanzo alitaka kukimbilia barabarani kuwaita. Kisha faraja ikamjaa kifuani, tamu kama uji wa moto mtu akiwa na njaa. Bila kitambaa hiki mtoto huyu hawezi kulala. Atawasumbua usiku mmoja, wa pili watamrudisha wenyewe.

"Kasahau kitambaa chake," alimwambia Martha, akicheka. "Utaona. Hata sikukuu haitaisha."

"Kama kakiacha, atarudi," Martha naye akakubali.

Sikukuu ikaisha. Agripina alipalilia alizeti, macho yako njiani. Kila pikipiki iliyoguruma alisimama wima, jembe mkononi. Mayai ya Kishingo aliyatoa, akabakiza moja, lile safi, kama alivyoagizwa. Simu ya Joyce ikawa haipatikani. Kisha ikapatikana, ikaita, ikakata. Kisha ukaja ujumbe: *Tuko salama mama tutaongea.* Asubuhi moja watoto wa kijiji wakapita mbele ya nyumba, sketi za bluu na kaptula za bluu, wanakwenda shule, na mmoja wao akauliza, "Shikamoo bibi, Rebeka hajarudi tu?"

"Marahaba. Anakuja," Agripina akajibu.

Kesho yake alifunga sketi ya bluu ndani ya kanga pamoja na kitambaa, akapanda gari la asubuhi kwenda mjini.

*

Joyce alikuwa amepanga mtaa wa Mandewa, nyumba yenye vyumba viwili na baraza, mpya, rangi bado inanuka. Agripina aliipata kwa kuuliza. Alimkuta binti yake anaanika nguo, na mtu wa kwanza kumwambia ukweli ilikuwa ile kamba ya nguo. Palikuwa na shati la Clement, na palikuwa na soksi nyeupe ndogo, jozi mbili, za shule.

"Mama!" Joyce akaachia nguo kwenye beseni. "Shikamoo. Mbona hukusema unakuja?"

"Na wewe hukusema."

Joyce akamletea kiti. Agripina hakukaa.

"Yuko wapi?"

"Shule. Wanatoka saa sita."

"Shule gani?"

"Mama, kaa kwanza."

"Nimekuuliza shule gani, Joyce. Sketi yake ninayo hapa mkononi."

Joyce aliitazama kanga iliyofungwa, akajua ndani kuna nini, akaanza kulia kwa kuficha mdomo. Alisema Clement ni mtu mwema. Alisema wamefunga ndoa mbele ya padre, kimyakimya, wageni wachache. Alisema mtoto ni wake na miaka imekwenda, na kila akija kijijini mtoto anamwita "mama wa mjini" kama vile kuna mama mwingine wa kweli. "Ningekuambia, usingeniachia. Ungelia, na mimi ningeshindwa. Nakujua na najijua."

"Ningelia, ndiyo. Machozi yangu yangekuua?"

"Nisamehe, mama."

"Wewe nimekuzaa, nimezoea. Tangu mdogo una vyumba vyako vya kufungia." Sauti ya Agripina ilikuwa chini, kavu. "Ila yule. Umemchukua mtoto asiyejua kuficha, ukamfundisha kunidanganya. Miaka yote hii nimemlea mweupe, wewe kwa safari mbili tatu ukaja kumpaka matope."

Joyce akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mama, sikumfundisha. Nilimwambia neno moja tu, tulipokuwa jabalini: usimwambie bibi, akijua atalia. Basi. Mengine ni yake mwenyewe."

"Na wimbo?"

"Wimbo upi?"

Hapo Agripina akakaa.

Saa sita ilipofika mtoto akaingia uani, sketi ya rangi ya damu ya mzee, sweta ya rangi hiyohiyo, mkoba mgongoni. Alimwona bibi yake, akasimama. Zamani angeruka. Sasa alisimama kwanza, akamtazama uso, akamtazama mama yake uso, akarudi kwa bibi. Agripina aliyaona macho hayo yanavyofanya kazi, na akajua kwamba yamekuwa yakifanya kazi hiyo muda mrefu, jikoni kwake, chini ya pua yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Njoo hapa."

Mtoto akaja, akasimama katikati ya magoti ya bibi yake, mahali pake pa siku zote. Alikuwa amekonda kidogo chini ya macho.

"Siku ile nyuma ya kihenge nilipokuuliza. Ulijua unakuja huku moja kwa moja?"

"Nilijua."

"Mimi nilijua unarudi."

Neno ni lilelile. Lilikaa kati yao, upande mmoja kweli, upande mmoja uongo, na safari hii hakuna aliyehitaji kujaziwa.

"Sikutaka ulie," Rebeka akasema.

Agripina akafungua kanga. Aliisogeza sketi ya bluu, akatoa kitambaa. "Angalau hiki nimekuletea. Ulikisahau."

Rebeka alikitazama. Pua yake ikatanuka kwa ile harufu. Mikono akaiweka nyuma.

"Sikukisahau, bibi. Nilikibakiza."

"Ulikibakiza?"

"Ili ujue narudi." Akasogea karibu, akashusha sauti, kama mtu anayemkumbusha mwenzake siri waliyoipanga pamoja. "Kama la Kishingo. Nikachagua kitu kizuri."

Nyuma yao Joyce alikuwa amesimama na beseni. "Huyu, mama, hajalala vizuri tangu aje," akasema taratibu. "Analilia hicho kitambaa. Nikimwambia tukifuate, anakataa. Anasema kikae hukohuko."

Rebeka alikuwa anamtazama bibi yake usoni, akingoja. Agripina aliufahamu mtazamo huo. Ulikuwa ule wa siku ya kihenge, siku aliyomnyanyua juu akampeleka kwa Martha kumtangaza. Mtoto alikuwa amejificha vizuri kuliko siku zote, na alikuwa anangoja kuambiwa kwamba ana akili.

Hakuweza kumwambia.

Alichoweza ni kukishika kitambaa na kukiweka juu ya bega la mtoto, juu ya ile sweta mpya. Rebeka alikishika haraka kwa mikono miwili, kisha akakumbuka, akakinyoosha tena kwa bibi yake.

"Ukiniachia, utajua sirudi."

"Nimeshajua, mjukuu wangu," Agripina akasema. "Lala nacho."

Wakati huo ndipo mtoto alipoanza kulia. Alilia kama wa miaka mitatu, mdomo wazi, kila kitu nje, na Agripina akamshika mpaka kilio kikaisha, akimpapasa mgongo, macho yake mwenyewe makavu kama kokwa. Chakula Joyce alipokileta alikula kidogo kwa adabu. Clement alirudi, akaamkia, akaamkiwa vizuri. Ugomvi haukuwapo. Walimsindikiza stendi wote watatu, na mtoto alipunga mkono mpaka gari likapinda. Agripina naye alipunga. Sketi ya bluu alirudi nayo.

*

Ilikuwa bado mchana mkubwa alipofika. Hakuingia ndani. Alizunguka moja kwa moja nyuma ya kihenge, na furushi lake la kanga kwapani, akachutama mbele ya tenga. Kishingo alikuwa ametaga. Kulikuwa na yai la leo, lina joto bado, na lile safi, la siku nyingi, lililobakizwa.

Agripina alilichukua la leo. Alitaka kuinuka. Kisha akarudisha mkono, akalichukua na lile la pili.

Kishingo alikuja akitembea kwa madaha yake, akaingiza shingo kwenye tenga. Akaitoa. Akaingiza tena. Alizunguka tenga lote, akasimama, akamtazama Agripina kwa jicho moja la upande.

"Hamna," Agripina akamwambia. "Yako huku, mkononi kwangu. Nimeyachukua yote. Umesikia?"

Baada ya siku kadhaa Martha alikuja, amebeba ungo aliokuwa anaurudisha kwa mara ya kwanza bila kudaiwa. Habari za mjini alikuwa ameshazisikia, na alikuwa amejipanga kutozitaja. Akatazama chumba kilichokuwa wazi, sketi ya bluu imerudi msumarini, akageuza macho.

"Kuku wako kahamia kwangu, mama Joyce. Anataga chini ya kitanda cha Frank. Nimemfukuza, harudi."

"Usimfukuze."

"Nikuletee mayai, basi?"

"Yale ni yako," Agripina akasema, akipokea ungo. "Ameona mwenyewe, akachagua mwenyewe. Mwache akae."

Martha akaaga. Agripina akauweka ungo mahali pake jikoni, akachukua lile tenga bovu kutoka nyuma ya kihenge, akalikanyaga likavunjika, akaliingiza mafigani. Fito zake zilikuwa kavu sana. Liliwaka mara moja, na maji ya ugali wa mtu mmoja yakachemka upesi.